MABILIONI KWENYE KADI YA KARATASI! Je, kadi adimu za wanamichezo huibuka kweli?

Msomaji wangu, kwa wiki tatu nilikuwa bilionea. Sikumwambia mtu yeyote, ukiacha mama yangu, Anti, binamu yangu, masela wanne wa kijiweni kwetu Ilala na kondakta mmoja wa daladala la Gongo la Mboto ambaye hata jina lake silijui.

Ubilionea wenyewe ulitoka kwenye sanduku la bati la marehemu mjomba.

Mjomba alizamia meli mwaka 1988, enzi zile vijana wa Dar walikuwa wanashinda bandarini wakivizia meli kama paka anavyomvizia mchuuzi wa samaki. Akaibukia Ugiriki, kutoka hapo akapenya hadi Unyamwezini, akabeba boksi miaka kadhaa. Aliporudi mwaka 1994 alikuwa na raba za Jordan, redio kaseti kubwa ya kubeba begani, na hilo sanduku. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuliegemea. Mtaa mzima uliamini ndani mna dola, na mjomba hakuwahi kukanusha. Hata mwenye duka alikuwa akimkopesha sukari kwa heshima ya sanduku.

Alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini Anti akatoa ufunguo. Dola hakuna! Mlikuwa na mashati mawili ya maua, bahasha ya barua ambayo Anti alisoma mstari wa kwanza tu kisha akaifunga bila kusema neno, na kadi. Kadi kama mia tatu hivi za wachezaji wa mpira wa kikapu, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira ile ya kufungia hela.

"Mwanangu, hizi karatasi wape watoto wachezee," Anti akaniambia.

Nilikuwa karibu kufanya hivyo. Lakini fungu la juu kabisa lilikuwa na kadi moja peke yake, imevishwa nailoni: Michael Jordan yuko hewani, ulimi nje, mpira mkononi, pembeni fremu ya rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Moyo ukapiga paa! Kadi hiyo nilishawahi kuisoma habari zake.

"Anti," nikamwambia, "subiri kwanza. Humu ndani kuna kadi ya mabilioni."

Sikumwambia ni ipi. Mali haitajwi hovyo.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Binamu yangu, mtoto wa marehemu, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haikuwepo. Anti alikuwa na kiwanja Chanika, na dalali alishamletea mteja wa shilingi milioni 6, taslimu, hana longolongo. Mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, nikasema: "Anti, usiuze kiwanja."

NI KADI GANI HIZO?

Kwa asiyejua, Wamarekani wana mchezo wao wa zaidi ya miaka mia: picha ya mchezaji inachapwa kwenye kikadi kigumu, mbele sura, nyuma takwimu zake, watu wananunua, wanabadilishana, wanatunza. Mwanzoni zilitiwa kwenye pakiti za sigara ili zisikunjike na ili mvutaji arudi kununua nyingine. Baadaye zikahamia kwenye bablishi. Na hapa kuna undugu na sisi: ile bazoka tuliyokuwa tunatafuna na kupuliza mapovu darasani imebeba jina la Bazooka, bablishi ya kampuni ya Topps iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1947. Topps hao hao ndio waliokuja kuwa wafalme wa kadi. Yaani bazoka tuliijua, kadi hazikutufikia.

Kadi ya Jordan ninayoizungumzia ilitolewa na kampuni ya Fleer, msimu wa 1986-87, namba 57 kati ya kadi 132. Januari 2021 moja iliyopewa alama 10 kwa 10 kwa usafi iliuzwa mnadani dola 738,000. Piga hesabu kwa madafu yetu, ni zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu. Miezi michache baadaye bei ikaporomoka vibaya, lakini hata ikiporomoka mara tano, mimi na Anti tulikuwa tunajenga ghorofa.

Hapo nikaanza kuchimba. Nilitaka kujua jambo moja: hivi hizi kadi adimu zinapatikanaje? Kuna mtu wa kawaida anayekutana nayo, au zote zimefungiwa kwa matajiri?

Jibu ni kwamba zinaibuka. Tena mahali pa ajabu.

Mwaka 2012, mji mdogo wa Defiance, jimbo la Ohio, ndugu walikuwa wanasafisha dari la nyumba ya babu yao aliyewahi kuwa na bucha. Chini ya kijumba cha wanasesere wakakuta boksi la vumbi. Ndani mna kadi kama 700 za besiboli za mwaka 1910 hivi, safi utadhani zimechapwa jana. Hakuna aliyezigusa kwa miaka mia moja! Wakati huo zilikadiriwa kufikia hadi dola milioni 3 kwa jumla. Watu wa minada wakakiri kwamba hawakuwahi kuona kitu kama hicho.

Mwaka 2016 ikaja nyingine, na hii ilinikosesha usingizi. Familia moja kusini mwa Marekani ilikuwa inapekua nyumba ya wazee wao waliofariki, ikakuta mfuko wa karatasi uliokunjwakunjwa, umejaa takataka. Nusura wautupe. Chini ya mfuko mlikuwa na kadi saba za Ty Cobb, za aina ambayo dunia nzima zilikuwa zinajulikana kama 15 tu. Zikathibitishwa kuwa halali, thamani yake zaidi ya dola milioni moja. Mfuko wa takataka!

Unaona sasa kwa nini nilimzuia Anti?

MFALME WA KADI NA MKASI

Ukitaja kadi adimu, jina la kwanza ni Honus Wagner, nyota wa timu ya Pittsburgh Pirates. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya tumbaku ilichapa kadi za wachezaji wengi, lakini ya Wagner ilisimamishwa mapema. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake, wengine wanasema alitaka mshiko kwanza. Mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku, kwa hiyo kila mtu achague anachoamini. Kwa vyovyote, leo zinajulikana chache, inasemekana hamsini na kitu.

Je, zinauzwa? Zinauzwa, tena kila baada ya miaka michache. Agosti 2021 moja ilikwenda kwa dola milioni 6.6. Mwaka uliofuata nyingine ikaondoka kwa dola milioni 7.25, na hiyo haikupita hata mnadani. Watu walikaa mezani kimya kimya wakamalizana. Wakusanyaji wa kawaida waliisikia kwenye habari kama mimi na wewe. Hilo ndilo tatizo la kwanza la kadi hizi: nyingine huibuka na kuzama tena kabla hujajua kuwa ilikuwa sokoni.

Kadi kongwe haizaliwi tena. Kila moja iko kwa mtu. Itatoka mtu huyo akifa, akifilisika, akiachana na mkewe au akibanwa na kodi. Mwaka 1996 mfanyakazi mmoja wa posta huko Florida alishinda kadi ya Wagner kwenye bahati nasibu ya duka kubwa. Bahati iliyoje! Siku chache tu akagundua kuwa kodi ya zawadi hiyo ni kubwa kuliko anavyoweza kulipa. Ikabidi aiuze. Kadi ikanadiwa kwa dola 640,500.

Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyowahi kumilikiwa na mcheza magongo ya barafuni Wayne Gretzky, aliyeinunua na mwenzake mwaka 1991 kwa dola 451,000. Ilikuwa inasifika kwa kona kali na kingo zilizonyooka ajabu kwa karatasi ya umri ule. Mwaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Halafu mwaka 2013 kigogo wa minada, Bill Mastro, aliyeinunua mwaka 1985 kwa dola 25,000, akakiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo. Yaani aliichonga ili ionekane mpya! Kadi maarufu kuliko zote duniani ilikuwa imenyolewa.

Niliposoma hapo nilitoa Jordan wangu kwenye nailoni nikamtazama kona. Zilikuwa kali mno. Nikamrudisha haraka.

Kuna pia kisa cha Mickey Mantle. Topps walitoa kadi yake mwaka 1952, nyingine zikadoda stoo. Mwaka 1960 Sy Berger, bwana aliyezibuni, akasimulia baadaye kwamba walipakia maboksi ya zilizododa kwenye tishari wakaenda kuyamwaga bahari ya Atlantiki. Miaka 62 mbele, Agosti 2022, Mantle mmoja aliyetunzwa vizuri akauzwa dola milioni 12.6. Mwenyewe alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000, na wakati huo wapo waliomwona amedata.

Rekodi hiyo ilivunjwa Agosti 2025. Kadi ya kikapu yenye sahihi za Michael Jordan na Kobe Bryant, na vipande vya nembo vilivyokatwa kwenye jezi zao, iko moja tu duniani. Dola milioni 12.932, kwa hela yetu zaidi ya bilioni 30. Karatasi na vitambaa viwili.

Kwa washabiki wa kandanda, nanyi mna yenu. Pele wa mwaka 1958, aliyechapwa Uswidi wakati wa Kombe la Dunia akiwa kinda wa miaka 17, aliuzwa dola milioni 1.33 mwaka 2022. Messi wa msimu wa 2004-05, bado sura ya mtoto wa shule, amempita: dola milioni 1.5 mwaka 2025.

KUNUNUA PAKITI NA KUOMBA MUNGU

Siku hizi kampuni hazingoji miaka mia. Zinatengeneza adimu makusudi. Zinachapa kadi moja tu, zinaificha kwenye pakiti mojawapo kati ya maelfu, halafu zinawaacha watu wapagawe. Mwanamuziki Drake mwaka 2022 alifungua makasha yenye thamani ya karibu dola 200,000 akitafuta kadi moja ya LeBron James. Hakuipata. Wakaipata wengine, ikauzwa dola milioni 2.4.

Halafu, msomaji wangu, sikia hii. Krismasi ya 2024 mtoto wa miaka 11 huko Los Angeles akafungua pakiti zake za zawadi, akatoa kadi pekee ya Paul Skenes, mrushaji kinda wa Pittsburgh Pirates, yenye kipande cha jezi aliyovaa siku ya mechi yake ya kwanza. Timu ikatangaza dau: mwenye kadi atapewa tiketi mbili za msimu kwa miaka 30 na mambo mengine kibao. Mpenzi wa mchezaji huyo, Livvy Dunne, naye akaahidi kukaa na mshindi jukwaani. Familia ikasema asante, hatutaki. Machi 2025 wakainadi ikafika dola milioni 1.11. Mimi ningekuwa na miaka 11 ningechagua kukaa na Livvy, lakini ndiyo maana sijengi.

Kwa hiyo zinaibuka. Ila naomba uelewe kitu ambacho mimi nilikielewa nimechelewa: nyingi ya zile zinazoibuka kwenye masanduku ya wajomba si hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Wamarekani waliposikia kadi za zamani zina bei, wote wakaanza kutunza. Kampuni nazo zikachapa kama zinachapa magazeti. Mamilioni kwa mamilioni. Matokeo yake kila nyumba ina boksi, na boksi zima wakati mwingine halifiki bei ya kuku wa kienyeji. Na mjomba wangu alikuwa Marekani lini? Miaka hiyo hiyo.

KWA FUNDI SAA

Nilipomaliza kusoma hayo nilibaki na tumaini moja tu, Jordan. Huyo ni wa 1986, kabla ya mafuriko. Lakini kadi hiyo inaongoza pia kwa kughushiwa. Njia moja ya kupima ni kuangalia maandishi kwa lenzi kali. Kwenye kadi halali picha imejengwa kwa vidoti vidogo vya rangi, lakini herufi za jina ni wino mzito uliojaa. Mwenye kughushi hupiga picha kadi nzima, kwa hiyo hata herufi hugeuka vidoti.

Lenzi kali nitaipata wapi? Nikakumbuka fundi saa mmoja Kariakoo, mzee wa makamo, anakaa na kimeza chake kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Saa imekufa?"

"Hapana mzee, nina kadi. Naomba uniazime jicho lako."

Akaniangalia, akaiangalia kadi, akacheka. Akaivaa lenzi mwenyewe jichoni, hakutaka nimwekee vidole. Nikamwambia asitazame mtu, atazame jina lake.

"Hili jina limepigwa vidoti vidoti," akasema. "Kama picha ya gazeti."

"Una uhakika mzee?"

"Mwanangu, mimi natofautisha jino la gurudumu la saa lililolika na lisilolika. Vidoti nisivione?"

Akanipa lenzi. Nikaona mwenyewe. M-I-C-H-A-E-L, vumbi tupu. Kimeo! Bilioni moja na nusu ikayeyuka pale kibarazani, kati ya betri za saa na mikanda ya plastiki. Mzee akakataa hela yangu, akasema nikanywe maji.

Nilizipekua zile nyingine usiku kucha. Zaidi ya nusu ni Hoops za mwaka 1990, zile za mafuriko. Moja tu ilinishtua. Ni ya Mark Jackson wa New York Knicks, kadi ya kawaida kabisa, lakini ukitazama nyuma ya mchezaji, kwenye viti vya mbele vya ukumbi, wamekaa vijana wawili. Ni ndugu wa Menendez, Lyle na Erik, waliowaua baba na mama yao kwa bunduki Agosti 1989 na kukamatwa Machi 1990. Picha ilipigwa katikati hapo, wakiwa wanatanua na fedha za marehemu. Wapenzi wa kadi waliwagundua mwaka 2018, na filamu ya mfululizo ilipotoka Netflix mwaka 2024 watu wakaitafuta upya. Bei? Usichachawe. Ni ya dola chache, kwa sababu nayo ilichapwa kwa wingi. Kadi yenye wauaji wawili, mjomba aliifunga kwa mpira wa hela miaka thelathini bila kujua.

Kilichobaki ni kwenda kwa Anti.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikazunguka weee, nikauliza habari za magoti, habari za kuku, mwisho nikasema: "Anti, ile kadi ni feki."

"Kadi ipi?"

"Ile ya mabilioni. Ya Jordan."

Akaacha kuchambua. "Yule mrukaji, mwenye ulimi nje?"

"Huyo huyo."

"Mbona mjomba wako alishaniambia kuwa ile ni ya bandia? Aliuziwa barabarani kule, akacheka mwenyewe siku alipogundua. Mimi nikadhani wewe uliyesoma umeona nyingine ya maana humo ndani."

Msomaji wangu, sikuwa na la kusema.

Mteja wa Chanika alishachukua kiwanja cha jirani. Dalali akahangaika akaleta mwingine, wa milioni 5, na chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu. Anti akauza. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikamwambia ile milioni iliyopungua nitailipa mimi. Akajibu, "Haya baba," kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto kwamba ndege imepita.

Mpaka naandika makala hii nimelipa laki tatu. Jordan feki nimembandika juu ya kitanda. Kadi nyingine wamegawana watoto wa mtaa, kasoro ya Mark Jackson, ambayo binamu aliichukua akaenda nayo chuoni, anaitumia kuwekea alama kwenye daftari lake la anatomia. Nimempigia simu mara mbili kumwambia asiikunje kona.